Neno la Herufi Tatu Lililozuia Ngalawa ya Mzee Saidi

Nyie vijana mnaojifunza Kiingereza kwa simu, mmelala chali na waya masikioni, nawapenda lakini nawacheka. Mimi nilijifunza kwa mchi.

Wala sitanii. Nilipokuwa msichana tulikimbia vita huku Palma, tukaenda Mtwara kwa shangazi yangu, ng'ambo ya Ruvuma, na jirani yetu alikuwa mwalimu mstaafu, Mmakonde wa Newala, jina lake Mwalimu Chilumba. Alikuwa mjane na mgongo ulikuwa unamsumbua, hawezi kutwanga. Shangazi akapatana naye: mimi nitwange makopa yake, muhogo mkavu, yeye anipe Kiingereza. Basi kila asubuhi naingia uani, nashika mchi, yeye kakaa kwenye kigoda na kikombe cha chai ya rangi. Anasema "go", nashusha mchi. Anasema "went", nashusha tena. "Gone", pigo la tatu. Kitenzi kimoja, mapigo matatu: leo, jana, na ile iliyokwisha kufanyika. Nikikosea anafumba macho na kusema, "Rudia, unga bado una mawe."

Alikuwa na elimu yake mwenyewe yule mzee. Aliniambia vitenzi vingi vya Kiingereza vina adabu: ukitaka jana yake unakifunga "-ed" mkiani, kinatulia. Walk, walked. "Lakini vile vya kula, kunywa, kulala, kwenda na kuja," alisema, "vile ambavyo watu wanavishika tangu wanapoamka, hivyo vimechakaa kama mpini wa jembe. Kila kimoja kina umbo la mkono uliokishika. Usivitafutie sheria. Vitwange."

Nikavitwanga. Na mpaka leo nikisema "eat, ate, eaten", mkono wangu wa kulia unashuka wenyewe. Miaka ya gesi, katika kikao kimoja na wageni wakubwa, niliipiga meza mara tatu bila kujijua nikitafuta jana ya "bring" kichwani. Wale wageni wakanyamaza, wakidhani wananchi wamekasirika. Kumbe mkalimani, yaani mimi, alikuwa anatwanga.

Sasa hiyo miaka ya gesi. Iliposemekana gesi imepatikana baharini kwetu, Palma ilijaa watu kwa mkupuo. Kireno walikuwepo wanaokijua, wamesoma shule. Kiingereza je? Ikawa anatafutwa mtu kama dawa. Mimi nilikuwa fundi cherehani karibu na soko, nashona sare na mashuka, na siku moja mwanamke mmoja Mmarekani aliingia na suruali iliyochanika. Nikamwuliza kwa Kiingereza imechanika wapi na imechanika lini, maana nilitaka kujua kama kitambaa kimeoza. Akaniangalia kama aliyekuta maji jangwani. Huyo ndiye Bi Keri. Kazi yake katika kampuni ya gesi ilikuwa kusikiliza vijiji na kuandika malalamiko. Wiki iliyofuata nilikuwa mkalimani, na cherehani nimeifunika shuka.

Naanza na kosa la kwanza, kwa sababu ndilo tamu.

Tulikwenda kijiji kimoja cha ghuba ya Tungue. Mkubwa wa pale alikuwa Mzee Saidi Momade, mvuvi wa madema, ile mitego ya samaki ya kusukwa, mtu mrefu mwenye sauti ndogo, kiasi kwamba watu wote hunyamaza ili wamsikie. Bi Keri alitaka historia ya kijiji. Mzee akasema, "Kijiji hiki alikianzisha babu yangu." Mimi, mkalimani mpya, kifua mbele, nikatafsiri: "His grandfather found this village."

Bi Keri akaandika. Kisha akauliza, kwa heshima kabisa, babu alipofika alimkuta nani. Nikamgeukia Mzee. "Anauliza, babu yako alipokikuta kijiji hiki, kilikuwa na watu gani?"

Mzee akasema, "Mwambie alikuta ngiri."

Nikasema "ngiri", hivyo hivyo, maana Kiingereza chake kilikuwa kimenitoka. Nikamwona Bi Keri anaandika kwa herufi kubwa, NGIRI, halafu anauliza kama huo ni ukoo au kabila, na kama kizazi chao bado kipo.

"Wapo," alisema Mzee. "Juzi wamekula mihogo yangu."

Watu walicheka mpaka mama mmoja akatolewa nje. Aliyetuokoa ni Alani, Mskoti aliyekuwa msimamizi wa usalama wa baharini, mtu wa nywele nyekundu na maneno machache. Aliinama akaninong'oneza: "Founded." Ndipo nikakumbuka. "Find", yaani kukuta, jana yake ni "found". Lakini kuna "found" nyingine, kuasisi, ambayo yenyewe ni ya leo, na jana yake ni "founded". Jana ya mmoja ndiyo leo ya mwenzake, maneno mawili yamevaa kanzu moja. Nikasahihisha, ngiri wakafutwa kwenye historia, na Mzee Saidi akaanza kuniita Bi Ngiri.

Kwa sababu ya jina hilo nilifungua darasa. Nilijiambia, kama mimi niliyetwanga magunia nateleza hivi, hawa wanaokwenda kuomba kazi na maneno manane itakuwaje? Alasiri tukawa tunakutana barazani kwangu, watu kumi na kitu. Nilileta kinu na michi miwili. Wanaume walikataa kutwanga siku ya kwanza. Siku ya tatu wakawa wanagombea zamu.

Mwanafunzi wangu bora alikuwa Somoe, mkaanga maandazi, mama wa miaka arobaini hivi, aliyetaka kazi ya jikoni katika kambi ya kampuni. Somoe hakuwa na haya ya kuuliza. Alikuwa anauliza mpaka mimi ndiye naona haya. Siku moja aliniuliza kwa nini vitenzi vyote vipya vya simu vina adabu: texted, downloaded, googled. Nikamwambia bado havijashikwashikwa vya kutosha, tungoje miaka mia tano. Akasema, "Basi mimi nitaanza na hivyo, vingine nitavisubiri."

Siku nyingine niliwaalika Bi Keri na Alani wazungumze na darasa. Bi Keri akasimulia alivyoogelea kisiwani Rongui, jinsi alivyoruka kutoka kwenye boti akazama hadi chini. Alisema, "I dove." Somoe akaniinamia. "Professora, anasema alikuwa njiwa?" Kabla sijajibu, Alani akatikisa kichwa na kusema neno sahihi ni "dived". Bi Keri akasema kwao ni "dove". Alani akasema kwao hilo ni ndege. Wakaenda hivyo hivyo, "gotten" na "got", "learned" na "learnt", "snuck" na "sneaked", watu wazima wawili wenye kofia za kampuni wakibishana mbele ya kinu changu. Darasa likawa linageuza shingo huku na huku.

Somoe akainua mkono. "Samahani. Mtihani wa kazi anatunga nani kati yenu?"

Wakacheka wote wawili, na Alani akakubali kwamba kila mmoja yuko sawa kwao. Mbona sisi wenyewe tunasema hivi hapa, Mocímboa wanasema vile, na maji ni yale yale? Shikeni hilo, wajukuu. Ukisikia jana mbili za kitenzi kimoja usimcheke aliyesema. Muulize kwao ni wapi, halafu tumia ile ya anayekuajiri.

Nimewachekesha vya kutosha. Sasa niwaambie lile ambalo lilinitoa jasho.

Meli za kupima chini ya bahari zilipoingia, sehemu ya ghuba ilifungwa na kuzungushiwa maboya. Wavuvi waliambiwa watoe madema. Wengi walikataa. Aliyewashawishi ni Mzee Saidi. Alisimama akasema, kwa ile sauti yake ndogo, kwamba kazi ni ya msimu mmoja na yeye atakuwa wa kwanza kutoka. Akatoka, akahamia upande wa Rongui, mbali na kwa tabu. Wengine wakamfuata.

Dema moja la zamani lilisahaulika. Walinzi walilikuta ndani ya maboya, lina alama ya Mzee Saidi, na siku Mzee alipopita karibu akitoka Rongui na wanawe, wakaivuta ngalawa yake hadi kambini. Akaambiwa aandike maelezo. Mimi ndiye niliyeandika.

Aliniambia hivi: "Zamani tulikuwa tunatega madema pale, mimi na wanangu, karibu na mwamba. Mlipotuambia tutoke tulitoka, na hatujarudi. Hilo moja lilitupita."

Fomu ilikuwa na kisanduku kidogo, na mimi wakati ule nilikuwa nimeanza kujiona fundi wa kufupisha. Nikaandika: "We set our traps near the rock. One was forgotten." Kwa Kiswahili kichwani mwangu ilikuwa "tulitega". Jana tupu, safi. Niliona hayo mengine ya kutoka na kutorudi ni maneno ya mzee tu, "set" imeshayabeba. Nikapiga muhuri kwa tabasamu.

Jibu lilikuja kwa barua. Kwa kuwa mwenyewe unakiri kwamba unatega ndani ya eneo lililofungwa, ngalawa itabaki kambini mpaka kazi iishe.

Nilimsomea Mzee barazani kwake mbele ya wanawe. Nikailaani ile ofisi. Nikasema ni viziwi, hawasikii hata ukiwaandikia. Nilizunguka soko zima nikisema hivyo, na watu wakanisifu kwa ujasiri. Nyumba ya Mzee ilikula kisamvu kitupu, wanawe wakakaa pwani mikono kifuani. Na baya kuliko njaa, maneno yakaanza. Walioondoka kwa kumfuata wakasema: kumbe alitutoa sisi ili abaki na mwamba peke yake. Mtu aliyenyamaziwa ili asikike sasa akipita watu wanaendelea kuongea.

Mimi niko zangu darasani. Siku hiyo tulikuwa na ukoo ninaoupenda, wale wavivu wasiobadilika: cut, cut, cut. Put, put, put. Set, set, set. Darasa linatwanga kwa furaha, maana nani atakosea? Michi inacheza. Mimi mwenyewe nilikuwa nacheza.

Somoe akasimamisha mchi. "Professora, mtu akiandika, tuseme, 'we set our traps', nitajuaje kama ni jana au ni kila siku?"

"Utaangalia. Angekuwa mmoja ungeona ile 's': 'he sets' ni ya leo, 'he set' ni ya jana. Wakiwa wengi hakuna alama. Utatafuta siku. Kama ameandika 'yesterday', au 'before'."

"Na kama hakuandika siku?"

Nikaiona fomu ya Mzee Saidi mbele ya macho yangu. Nilisikia mchi wa mtu mmoja ukimalizia pigo lake. Nikawaambia darasa limekwisha. Somoe akaniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia ndiyo, naumwa neno la herufi tatu.

Ningeweza kukaa kimya, na nisiwadanganye kwamba sikulifikiria hilo. Niliwaza njia nzima. Hakuna mtu kijijini angegundua. Ofisi ingebaki kuwa kiziwi, mimi ningebaki shujaa wa soko. Nilifika kwa Mzee Saidi nimeloa jasho. Alikuwa anasuka kamba, wanawe wamekaa karibu, na jirani wawili wako kwenye mkeka. Nilitamani wale jirani waondoke, lakini nilikwisha kuilaani ofisi mbele ya watu, kwa hiyo nikasema mbele ya watu.

"Mzee, ile ofisi si kiziwi. Mimi ndiye niliyeandika vibaya. Nimeandika neno ambalo jana yake na leo yake ni moja. Ukilisoma huku unatega bado, ukilisoma huku ulikwisha kuacha. Na nililiacha peke yake, sikulitilia siku."

Hakuinua macho kutoka kwenye kamba. "Nilikwambia hatujarudi."

"Uliniambia. Sikuandika."

"Kwa nini?"

"Niliona halina haja."

Alisuka mizunguko kadhaa. Jirani mmoja akakohoa. Mwanawe mkubwa alinitazama kwa namna ambayo sitaki kuikumbuka.

"Neno lenyewe lina urefu gani?" aliuliza Mzee.

"Herufi tatu."

"Nenda kalitoe."

Hakunipa kahawa, na pale kwake hata mdai hupewa kahawa.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kambini na Somoe. Nilimchukua kwa sababu swali lake ndilo lililonifungua macho. Bi Keri alitoa fomu, akaisoma, akasema aliisoma vizuri. Alisema, "I read it three times." Kasema "red", yaani aliisoma, jana. Lakini kichwa changu siku hiyo kilikuwa hakimwamini tena mtu, nikamwuliza: umeisoma au unaisoma? Akasema ameisoma. Nikamwambia tazama, neno hilo pia ukiliandika, leo na jana ni sura moja, r-e-a-d, tofauti yake iko mdomoni tu. Sasa "set" hata mdomoni tofauti haipo. Nikaona uso wake unabadilika.

Akampa Alani ile karatasi bila kumwambia kitu. Alani akasoma, akasema, "Walitega pale zamani, si ndiyo?"

"Mimi niliona wanatega sasa," alisema Bi Keri.

Wakatazamana. Nilidhani wataanza tena mambo ya njiwa. Na hapo, wajukuu, nisameheni, nikacheka. Nilikuwa nimekesha na hofu usiku mzima na sasa kicheko kilinitoka kama maji kwenye mtungi uliopasuka. Somoe akaambukizwa. Bi Keri akafuata, akijifuta macho kwa ile fomu yenyewe. Alani peke yake hakucheka. Alichomoa kalamu, akafuta "set", akaandika juu yake "used to set", yaani tulikuwa tukitega, akanisogezea. "Sasa ongeza yale uliyoyaacha," alisema. Nikayaongeza yote, pembeni mwa kisanduku, juu, chini, mpaka karatasi ikajaa.

Halafu nikafanya jambo ambalo nililifanya katika kila karatasi tangu siku hiyo mpaka nilipostaafu, na ndilo nawaachia. Nilimpa Somoe ile karatasi, nikatoka nje. Nilikwisha kumwambia aisome kwa Kiswahili kwa sauti, bila mimi kuwepo, bila kujua Mzee alisema nini. Nikamsikiliza dirishani. "Zamani tulikuwa tunatega," alisoma Somoe taratibu. "Mlipotuambia tutoke, tulitoka. Hatujarudi." Neno limekwenda na kurudi na halijapoteza kitu njiani. Andika, kisha mpe mwenzako akurudishie. Msijiamini, hata mkiwa mmetwanga magunia. Hata kinachoandikwa na hizo simu zenu mpeni mtu awarudishie, nimeziona zinavyoandika.

Bi Keri alimwuliza Somoe pale pale kama bado anataka kazi ya jikoni. Somoe akasema anaitaka, ila kama kuna ya kusoma karatasi anaitaka zaidi. Alipewa. Baada ya miaka miwili alikuwa ananisahihisha mimi mbele ya wageni, na sauti yake wakati huo haikuwa na huruma.

Lakini turudi siku ile. Mzee Saidi na wanawe waliitwa kuchukua ngalawa. Walinzi waliisukuma wenyewe majini, na Alani akaandamana nasi hadi mchangani, akampa Mzee mkono na karatasi nyingine ya kuwasomea wavuvi wote, kwamba mtu huyu alitoka pale alipoahidi kutoka. Somoe ndiye aliyeisoma kijijini, mara mbili, na wale jirani wa mkeka walikuwa mbele kabisa.

Mimi nilipewa nafasi ndani ya ngalawa, katikati, miguu majini. Tukayapita maboya. Moyo ulikuwa bado mzito. Ngalawa imerudi, sawa, lakini ile kahawa nilikuwa sijaipata.

Mzee alikuwa kwenye usukani nyuma yangu. Akaniita, kwa ile sauti ndogo, ikabidi nigeuke ili nisikie.

"Kwa Kiingereza wanasemaje, nimekusamehe?"

Nikamjibu, "I have forgiven you."

"Na nilikusamehe?"

"I forgave you."

"Hayo ni maneno mawili mbalimbali? Hayafanani?"

"Hayafanani, Mzee. Hili linabadilika."

Akalijaribu mdomoni, forgave, forgave, wanawe wakitabasamu kwa siri.

"Basi langu ni hilo la pili," alisema. "Nilikusamehe jana, ulipokuja kusema mbele ya watu. Leo nimefuata ngalawa tu."